Nyumba ya Chini ya Hospitali

Simu ilipigwa nikiwa darasani, watoto wa darasa la nne wanasoma kwa sauti. Nilitoka barazani kupokea. Mwanamume nisiyemjua aliniuliza kama mimi ndiye mke wa fulani, akataja majina yote matatu ya mume wangu, yalivyokaa kwenye pasi yake ya kusafiria. Majina ya mtu hutajwa yote matatu mahakamani na msibani. Nikashika nguzo.

"Yu hai," alisema haraka, bila shaka alishazoea simu za namna ile. "Ila hali yake si nzuri, mama. Kidole tumbo kilipasuka wakiwa baharini, sumu ikasambaa. Amefanyiwa upasuaji Lisbon. Yuko chumba cha wagonjwa mahututi."

Mume wangu ni fundi wa mashine kwenye meli za mizigo. Aliondoka Mtwara miezi mitano kabla ya siku ile, na mara ya mwisho tulipozungumza alilalamika tumbo, nikamwambia apunguze pilipili. Neno hilo la pilipili lilinisumbua kuliko yote aliyoyasema yule mtu.

Mtu huyo alikuwa wakala wa meli, yuko Dar es Salaam. Alisema kampuni ingenilipia tiketi na malazi. "Lakini mahali pa kulala uchague mwenyewe. Nakutumia nyumba tatu kwenye simu. Bila anwani ombi la viza halipokelewi. Nipe jibu kesho kutwa."

Sikuwa nimewahi kulala mbali zaidi ya Dar. Hata huko sikuwahi kuchagua. Nilikwenda kwa ndugu, nikaonyeshwa kitanda.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Chuno, watoto wangu walipolala nilikaa sebuleni na picha zile tatu. Ya kwanza ilikuwa hoteli kubwa karibu na uwanja wa ndege, nyeupe kila mahali hadi macho yanauma. Ya pili ilikuwa chumba kizuri ajabu kwenye mtaa mkongwe mlimani, kuta za vigae vya buluu, maua dirishani, ghorofa ya nne. Ya tatu ilikuwa na picha moja tu, tena ya giza: kitanda cha chuma, kabati, na msalaba ukutani. Maelezo yake yote yalikuwa ya Kireno, na namba ya simu ya mezani.

Nilimwendea mwalimu mwenzangu, mtu wa Kagera aliyewahi kusoma Ulaya mwaka mmoja. Alifungua ramani kwenye simu yake, akaitafuta hospitali, akapima.

"Usitazame uzuri wa chumba," aliniambia. "Jiulize kitu kimoja. Mgonjwa akizidiwa, utafika kwa dakika ngapi?"

Hoteli ilikuwa mbali, treni mbili. Chumba cha maua kilikuwa nusu saa kwa miguu, ngazi tupu, kupanda na kushuka. Ile nyumba ya giza ilikuwa chini kidogo ya ukuta wa hospitali. Dakika tano.

"Basi hii," nikasema.

"Ngoja. Matapeli ni wengi. Kuna nyumba ziko kwenye picha tu, ukifika unakuta karakana au hakuna kitu. Piga simu kwanza, umsikie mtu anaongea."

"Kwa Kireno?"

Yeye pia hakukijua.

Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa na Kireno, na nilikuwa naishi naye. Mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Akiwa mtoto alitumikishwa kwenye nyumba ya Mreno mwenye duka. Vita vilipochacha alivushwa mto na bibi yetu, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, akakulia kijijini Kitaya, akaolewa hapo, akazeeka hapo. Alihamia kwangu miaka michache iliyopita, pale watu wa vijiji vya mtoni walipokuwa wanalala wamevaa viatu, tayari kukimbia wavamizi. Kireno hakukizungumza kamwe. Nilikisikia mara moja tu, alipougua malaria kali akawa anahesabu kwa lugha nisiyoijua, moja hadi ishirini, kisha anarudia.

Nilimkuta uani anachambua kisamvu.

"Mama mkubwa, Kireno bado unacho?"

"Nani kakwambia?"

"Nilikusikia ulipougua."

"Homa husema mengi." Akaendelea kuchambua. Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Ile si lugha ya kuombea nyumba, mwanangu. Mimi nilijifunza ya kuitwa tu. Nikiitwa, nakwenda. Nikichelewa, napigwa. Niliiacha kulekule."

Sikumlazimisha. Asubuhi ya pili, ninavaa kwenda shule, alinisimamia mlangoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Lete simu," alisema. "Mumeo akifa na mimi maneno ninayo mdomoni, nitakutazama vipi?"

Nilipiga, nikaweka sauti ya wazi. Iliita muda mrefu. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye mkeka, lakini mara sauti ya mwanamke ilipoitika upande wa pili, alisimama. Alivua ndala. Alijifunga kanga upya, akanyooka, mikono ubavuni, simu nikiwa nimeishika mimi, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mzee wa miaka sabini. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto, na baada ya kila maneno machache aliongeza *senhora*, yaani bibi mkubwa. Nilishikwa na hofu nisiyoweza kuieleza, kama niliyemrudisha mtoto kwenye nyumba aliyokwisha kuikimbia.

Waliongea. Kisha akanigeukia. "Anauliza nimejifunzia wapi."

"Mwambie."

Alimwambia. Halafu yule mwanamke akaongea mfululizo, taratibu, na mama mkubwa akaacha kujibu. Mwisho alisema neno moja, akaketi chini kwa kishindo.

"Nyumba ipo," alisema. "Mwenyewe ni mzee, mjane, anakaa chini. Chumba kiko juu yake. Hospitali anaiona dirishani."

"Na mengine?"

"Kaka yake alikuja kule kwetu, ng'ambo ya mto, wakati wa vita. Askari. Anasema alikuwa Mueda." Alifuta kiganja kwenye kanga. "Hakurudi. Usiende kwenye nyumba ile. Mtu aliyefiwa na ndugu yake kwetu, akikutazama wewe atamwona nani?"

Siku ile nilifundisha bila kujua nafundisha nini. Wakati wa mapumziko nilikaa ofisini nikaandika anwani ya ile hoteli nyeupe. Nikaifuta. Nikaandika ya chumba cha maua, nikawaza ngazi zile, nikaifuta. Niliwaza mwanamke ambaye amehifadhi jina la Mueda kichwani miaka hamsini na zaidi, na mimi nimelala juu ya dari lake, peke yangu, sina lugha. Kisha nikawaza zile dakika tano. Nikaituma anwani ya tatu, nikaiweka simu kifudifudi kwenye madaftari.

Mama mkubwa hakunisemesha hadi siku ya safari. Siku hiyo alisema maneno matatu: "Ukifika, funga mlango."

Nilifika Lisbon kwenye baridi ya mwezi wa pili. Dereva wa teksi alinishusha chini ya kilima kwa kuwa gari haliingii kwenye kile kichochoro, nikapanda na begi langu kwenye mawe yanayoteleza, nguo za watu zinaninginia juu ya kichwa changu. Mlango ulikuwa wa kijani. Alifungua kikongwe mfupi mwenye fimbo, amevaa nyeusi toka shingoni hadi miguuni. Alinitazama usoni, muda mrefu kuliko inavyofaa. Hakutabasamu. Akageuka, akaanza kupanda ngazi mbele yangu, anahema.

Kwenye korido ya juu, nje ya chumba changu, palikuwa na picha ya kijana mwenye sare. Masikio makubwa, kofia imekaa upande. Nilipita bila kuinua macho. Nilipobaki peke yangu nilifunga mlango kwa ufunguo, nikaegemeza kiti.

Mume wangu sikumtambua. Walikuwa wamemlaza na mirija puani na mdomoni, tumbo limefungwa, uso umevimba. Nilimtambua kwa kovu la kidole gumba, la siku alipokuwa anafungua nazi. Muuguzi aliyejua Kiingereza aliniambia wanamlaza kwa dawa, nisitegemee kuongea naye. Aliniuliza namba ya simu. Laini yangu ya nyumbani haikuwa inashika kule, nikampa namba ya mezani ya ile nyumba, iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi ya wakala.

Siku sita nilikwenda na kurudi. Kila jioni nilikuta bakuli limefunikwa kwa sahani kwenye kiti nje ya mlango wangu: supu ya viazi na majani ya kijani, na kipande cha mkate. Siku mbili za kwanza niliimwaga chooni, nikala biskuti nilizotoka nazo. Siku ya tatu njaa ilinishinda, nikala nimesimama, nikisikiliza tumbo langu usiku kucha kama litasema kitu. Halikusema. Chini nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu, huku na huku, na kila ilipopanda nusu ya ngazi ikasimama nilikikagua kiti mlangoni.

Ilikuwa Jumapili mchana, kengele za makanisa zinalia mji mzima, nimerudi kidogo kubadili nguo. Nikasikia fimbo inapanda. Haikusimama nusu ya ngazi kama siku nyingine. Ilifika kwenye korido, ikagonga mlango wangu, ikagonga tena kwa nguvu, na yule mama akawa anapiga kelele. Maneno yalikuwa yanapanda juu, makali. Nilirudi nyuma hadi ukutani. Nikakisukuma kiti zaidi. Nilisema moyoni, ndiyo hii sasa, ndicho alichokiona mama mkubwa. Kitasa kilitikiswa. Aligonga kwa kiganja, akalia kabisa, na katikati ya maneno yale yote nikashika moja, kwa sababu linafanana na letu. Hospitali.

Sijui nilipoteza muda gani pale ukutani. Nimejiuliza mara nyingi.

Nilipofungua alinikamata mkono bila neno. Tulishuka. Alikuwa na viatu vya ndani vya sufi, hakuvibadili, akapanda nami kile kilima akiburuta fimbo, na alipoona namchelewea alinisukuma mgongoni niende.

Nilimsikia mume wangu kabla sijamwona. Walikuwa wamempunguzia dawa na kumtoa mrija wa mdomoni, na akili ilikuwa haijarudi vizuri. Alidhani ametekwa. Alikuwa ameng'oa mrija mmoja, damu iko kwenye shuka, watu wanne wamemshika, naye anapiga kelele kwa Kimakonde cha bibi yake aliyemlea, lugha ambayo hata mimi hanisemeshi nayo. Anajibana tumbo lenye mshono. Muuguzi yule wa Kiingereza aliniambia, "Tafadhali, ongea naye. Mshono ukifumuka hatutaweza kumrudisha."

Nilipanda kitandani. Kimakonde changu ni cha kuungaunga, nilipewa na mama jikoni. Nilimshika masikio yote mawili, nikamwambia kwa lugha ile ile kwamba ni mimi, kwamba hakuna aliyemteka, alale. Niliyarudia maneno hayo hayo kwa kuwa sikuwa na mengine. Aliniangalia. Akaniuliza, kwa Kiswahili safi, "Watoto wako na nani?"

"Na mama mkubwa."

Akalegea.

Daktari aliniambia baadaye kwamba walikuwa karibu kumlaza tena kwa dawa nzito, na moyo wake usingeivumilia vizuri. Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, viatu vyake vya sufi vimelowa. Niliketi karibu yake. Nilitaka kumshukuru, nikaanza kulia, na yeye akanipa leso aliyokuwa ameshajifutia.

Hofu haikuisha siku hiyo. Homa ilimrudia mume wangu mara mbili, na kila simu ya mezani ilipolia kule chini nilikuwa nafika kwenye ngazi kabla ya mwenye nyumba. Lakini kiti niliacha kukiegemeza. Mume wangu aliporuhusiwa kutoka, alikaa juma zima kwenye kile chumba cha giza akijifunza kutembea kwenye korido, mkono mmoja ukutani.

Jioni moja yule mama aliniletea simu ya mjukuu wake, ile yenye kutafsiri. Aliongea, ikaniandikia kwa Kiswahili kilichopinda: Mueda mbali na nyumba yenu?

Nikajibu, si mbali sana, mto uko katikati.

Alifikiri. Akaongea tena. Kuna baridi huko?

Nilimwambia sijawahi kufika, ila mama mkubwa husema asubuhi kuna baridi kwa sababu ni juu kwenye nyanda. Aliisoma tafsiri mara mbili, akaitikia kwa kichwa, akachukua bakuli tupu akashuka.

Tulirudi Mtwara mwezi wa tatu. Mama mkubwa alimwambia mkwewe ainue shati, akalitazama lile kovu, akaingia ndani. Siku kadhaa baadaye, tukipepeta mchele, aliniuliza, "Alisema nini kuhusu huko kwetu?" Nikamwambia aliuliza habari za baridi. Aliacha kupepeta. Alisema huyo kaka mtu hangekuwa na blanketi, wale askari wadogo walikuwa wanakuja dukani kuomba magunia. Hakuniambia kama aliwaonea huruma, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mwezi uliopita mume wangu alisaini mkataba mwingine. Nilimwomba asiende, akanionyesha tumbo, akasema kidole tumbo hakina pacha. Basi nilimwomba aniandikie bandari zote watakazotia nanga. Ziko tisa. Karatasi iko kwenye mkoba wangu wa shule. Wakati wa mapumziko naitoa, natafuta mji mmoja mmoja kwenye ramani, hospitali iko wapi, na nyumba ipi iko karibu nayo zaidi.