Zakia na Tovuti Iliyokisia Lugha za Watu

Umande haujakauka migombani, na Zakia Nasri amekaa kwenye kigoda nje ya jiko la Susana Kaaya, mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kompyuta ameiacha nyumbani Kijenge, mjini. Leo anatazama kidole gumba cha mama huyu kikitembea juu ya simu.

Zakia, 29, hutengeneza tovuti. Hii ya kikundi cha wakulima ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza, na inataka kumponyoka. Jumamosi wanachama wanakutana kuamua kama waifunge, warudi kwenye matangazo ya kanisani.

Kisa ni lugha. Mwanzoni tovuti iliangalia mtu yuko nchi gani: aliyeko Tanzania anapewa Kiswahili, wa nje Kiingereza. Loh! Mnunuzi Mjerumani aliyefikia hotelini Themi akamiminiwa Kiswahili kitupu. Ikabidi mwenyekiti, Naftali, amtafsirie kwa simu.

Zakia akageuza, tovuti ikawa inafuata lugha ya simu ya msomaji. Hapo ndipo alipolikoroga. Simu nyingi huku zimetoka dukani na Kiingereza chake, na hakuna aliyekigusa. Susana akafungua, akaona maneno asiyoyajua, akachuma kahawa kama kawaida. Kumbe tangazo lilisema mashine ya kumenyea imeharibika. Kahawa mbivu ikishachumwa haisubiri mtu, yote ikachacha.

"Niliumia sana," anasema Zakia. "Lile tangazo nililiandika mwenyewe."

Sasa anamgeukia mwenyeji wake. "Mama, nikuwekee simu yote Kiswahili?"

"Thubutu!" Susana anaivutia simu kifuani. "Hii naijua kwa mahali. Hapa napiga, pale chini natuma hela. Ukinibadilishia nitaanza upya kama mtoto, mwanangu."

Zakia anacheka. Alikuwa amepanga kuwaomba wanachama wote wabadilishe simu zao.

"Tumekuwa tukiwakisia watu," anasema. "Kuuliza si ujinga, lakini sisi hatukuuliza."

Anamfungulia ukurasa wa majaribio. Una vitufe viwili vikubwa, kila lugha kwa jina inalojiita yenyewe: Kiswahili, English. Bendera hakuna, Mjerumani anayetaka Kiingereza atabonyeza bendera ya nani?

Susana anabonyeza Kiswahili. Anasoma kwa sauti, taratibu: "Mashine imepona. Leteni kahawa Alhamisi." Anafunga, anafungua tena. Kiswahili kipo palepale.

"Ee! Imenikumbuka!" Kisha anauliza, "Na Kimeru je?"

Zakia hajui Kimeru hata kidogo, ila kitufe cha tatu tayari anakitamani. "Utanifundisha maneno, mama. Nikipona Jumamosi, naanza nacho."

Susana anainuka, anajifunga khanga kiunoni, tayari kwenda shambani.

"Utapona," anasema. "Iliyochacha ilikuwa kahawa yangu. Nikisimama mimi kusema tovuti ibaki, nani atasema ifungwe?"