Jeneza la Maboksi ya Friji

Mjomba wangu alipokuwa anakata roho hakuniambia habari za dini wala mirathi. Alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake bado ulikuwa na nguvu za mtu aliyechonga mpingo maisha yake yote, akasema, "Wewe umeshindikana. Huyu asishindikane. Hakikisha amemaliza."

Huyu ni mwanawe wa pekee, binamu yangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Nilijibu, "Ndiyo, mjomba." Kwa mtu kama mie, ambaye sijawahi kumaliza kitu, ilikuwa ahadi nzito.

Shule niliiacha kidato cha pili. Mwalimu alinichapa mbele ya paredi nzima, nikamnyang'anya fimbo, nikaivunjia gotini kwangu, nikatoka getini na sikurudi. Toka siku hiyo nimezunguka. Machinjioni Vingunguti nimebeba ngozi mbichi mpaka mgongo ukawa unanuka hata nikishaoga. Boko nimepasua kokoto. Kinyerezi nimelinda mabomba, nikauliza maswali mengi kuhusu kinachopita ndani yake, wakaniona mpelelezi, wakanifukuza. Kila kazi nimeiacha kwa sababu moja kati ya mbili: ama nimepigana na mtu, ama nimeshajua inavyofanyika.

Baada ya kumzika mjomba nikahamia chuoni. Sikusajiliwa. Nilibebwa. Wanafunzi wanalijua neno hilo: mwenye kitanda hosteli anambeba asiye nacho, mnalala mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine, na mlinzi akipita kukagua, mmoja anaingia uvunguni. Kwa kawaida anayebebwa ni mwanafunzi mwenzako. Binamu yangu alimbeba mtu asiye na hata cheti cha kidato cha nne.

Mchana niliingia madarasani. Ukumbi ule mkubwa hakuna anayekuuliza wewe nani, mradi umeshika kalamu. Nimesikiliza sheria ya ardhi. Nimesikiliza magonjwa ya mihogo. Nimemsikiliza mhadhiri wa sosholojia akieleza namna kundi la watu linavyogeuka kuwa mnyama mmoja, asiye na jina wala aibu. Nikanyoosha mkono nikauliza, huyo mnyama akishaamka, nani humlaza? Darasa likacheka. Yeye hakucheka, akasema ni swali zuri, tutalirudia wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilikaa mstari wa mbele. Hakulirudia.

Binamu yangu alikuwa mpole kupita kiasi. Alisoma ualimu wa hesabu, alifua nguo zake kila Jumamosi, na sijawahi kumsikia akimtukana mtu, isipokuwa kwenye mpira. Timu aliirithi kwa baba yake kama watu wanavyorithi kisukari. Na mie niliirithi hapohapo, kwa sababu utotoni nilikaa kwao.

Timu yetu ina namna yake ya kukupiga. Haikupigi ukafa. Inakupiga mwisho wa msimu, unalala chini, unaapa hutaiangalia tena. Halafu ligi ikikaribia kuanza inakuja na zawadi: mchezaji mpya anashuka uwanja wa ndege na matarumbeta, mnamvisha skafu, na wewe unasahau uvimbe usoni. Nimewahi kuona wanawake wanaoishi hivyo na waume zao, nikawashangaa. Sasa siwashangai.

Na wasomi hawana nafuu. Hosteli, siku timu ikifungwa, nimeona feni ikitupwa toka dirisha la juu na kupasukia kwenye lami karibu na kichwa cha mpita njia. Nimeona mwanafunzi aliyekuwa akisomea kutibu watu akimng'ata mwenzake sikio kwa sababu ya penalti, na asubuhi yake wote wawili wamekaa maktaba, mmoja na plasta, wanaazimana rula. Nilidhani elimu inakausha kitu hicho ndani ya mtu. Haikaushi. Inakifundisha kuongea vizuri tu.

Msimu ule tulihitaji sare moja na watani tuchukue kombe. Mechi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu binamu yangu alikuwa na mtihani wake wa mwisho kabisa. Akiukosa huo, anarudia mwaka mzima, na ada ya mwaka mwingine haikuwepo kwa mtu yeyote wa ukoo wetu.

Nilimwambia tuangalie hosteli. Akakataa.

"Naenda Temeke," alisema. "Naenda kumuangalizia mzee."

Alikuwa ameshavaa jezi ya baba yake, ile ya zamani, kola imechakaa. Nikaona siwezi kumwacha.

Kibanda umiza cha mtaani kwao ni banda la bati lenye televisheni moja na mabenchi, na ukikaa humo jua la jioni linakupika. Sisi upande wa kulia, watani wa kushoto. Tulikuwa sare mpaka dakika za nyongeza. Nilishaanza kupumua. Halafu beki wetu, mtu mzima, mpira unatoka nje wenyewe, akanyoosha mguu akaupeleka golini kwetu. Nakumbuka sauti iliyotoka upande wetu. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama ng'ombe anavyotoa pumzi kisu kikishapita.

Watani wakaingiza jeneza.

Sisi wa Dar shabiki wa timu ile nyingine hatumwiti adui, tunamwita mtani, na utani una utaratibu wake. Aliyeshinda anatengeneza jeneza, analifunika kwa jezi ya aliyefungwa, analizungusha mtaani kwa vilio vya uongo. Aliyefungwa ndiye mfiwa, na timu yake ndiyo marehemu, baba yake. Mfiwa anatakiwa ashike pembe moja ya jeneza, atembee nalo kidogo, atukanwe, acheke. Haruhusiwi kukasirika. Mjomba alikuwa bingwa wa mambo hayo. Wakifungwa wao, yeye ndiye aliyewachongea jeneza, tena la mbao kweli, lenye vishikio. Tukifungwa sie, alishika pembe ya mbele na kulia kuliko wote. La siku hiyo lilikuwa la maboksi ya friji yaliyogongewa kwenye fito.

Kiongozi wao alikuwa fundi magari, jitu la miraba minne, mtani wa mjomba wa miaka na miaka. Miezi hiyo yote alikuwa Boko kwenye gereji ya watu, na hakuna aliyemfikishia habari za msiba. Akaona jezi ile yenye kola iliyochakaa, akamtambua aliyeivaa, akapaza sauti:

"Oyaa, mzee yuko wapi? Leo kajificha? Basi njoo wewe, mtoto wa marehemu! Njoo umzike baba yako, ameshaanza kunuka!"

Waliojua walinyamaza. Wasiojua walicheka.

Mlango wa banda ulikuwa unashikiliwa na kipande cha nondo. Binamu yangu alikiokota kama mtu anayeokota kalamu, akampiga nacho fundi mdomoni. Machinjioni nimesikia mifupa mingi ikivunjika. Meno yana mlio wake, mdogo, mkavu. Fundi akakaa chini. Damu ilimwagika kifuani kwake kama amepindua bakuli.

Halafu binamu yangu akafanya kosa kubwa kuliko lile. Alikimbia. Alikimbia mpaka mtaa wa pili, wasikomjua, simu mkononi, damu ya mtu kwenye jezi. Temeke, kijana anayekimbia hivyo ana jina moja tu, na mama muuza samaki alilitaja kwanza:

"Mwiziii!"

Wakatoka. Sijui mtaa ule huwa unawaweka wapi watu wote wale. Wa bodaboda waliacha pikipiki, kinyozi alitoka na mkasi, wanaume waliokuwa wakinywa kahawa waliinuka na vikombe vyao. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Alipigwa mtama, akaanguka, na wakaanza. Nilisikia tofali likitua mgongoni kwake kabla sijafika. Mtu alimkanyaga vidole vya mkono wa kushoto na kugeuza kisigino, taratibu, kama anazima sigara.

Nilipigana mpaka nikamfikia, nikamlalia juu. Sikuwa na mbinu nyingine.

"Si mwizi! Mwanafunzi huyu! Wa chuo!"

"Hao hao ndio wanaotuibia!" mmoja alisema, akanipiga teke la mbavu.

"Na huyu wa juu ni mwenzake!"

Tofali likanipata nyuma ya sikio. Dunia ikawa nyeupe. Chini yangu binamu yangu alikuwa anataja fomula, naapa, alikuwa ananong'ona hesabu. Kuna aliyekuwa anavingirisha tairi, nililisikia likija. Halafu nikasikia harufu ya petroli, na nikajua nani tutamkuta huko tuendako na kitu cha kwanza atakachoniuliza.

"Acheni! Mtani wangu huyo!"

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mdomo uliojaa. Nikainua kichwa. Fundi alikuwa anapasua kundi kwa mabega, kidevu chote chekundu. Aliyeshika chupa ya petroli akamwambia, "Kakutoa meno, bado unamtetea?" Fundi akamzaba kofi moja, chupa ikaruka. Lakini walikuwa wengi, na wengine walishaanza kumvuta fundi mwenyewe shati.

Kilichotuokoa ni jeneza. Wenzake walikuja nalo mbio, begani, wanaimba ule wimbo wa kuzikia waliouandaa kwa ajili yetu. Na watu wakapisha. Sijui nieleze vipi. Mikono ilikuwa bado imeshika mawe, lakini jeneza lilipotokea, miguu ilirudi nyuma yenyewe, na mzee mmoja alivua kofia yake. Tumelelewa hivyo, jeneza linapishwa. Wakati wanagundua kwamba ni maboksi ya friji, binamu yangu alishatupwa ndani, kafunikwa jezi ya timu yetu, anapelekwa. Nilifuata nimeshika pembe ya nyuma. Wale wa mawe walisimama wakiangaliana, kama watu walioamshwa kwenye nyumba isiyo yao.

Karibu na mlango wa zahanati fito zikaachia, kitako cha jeneza kikakatika, maiti ikaangukia makalio katikati ya barabara na kupiga yowe. Mtu akacheka. Halafu wote wakacheka, na fundi akacheka, damu ikimtoka upya.

Pale zahanati askari alikuja na swali moja. Alimwelekea fundi, ambaye alikuwa na pamba mdomoni.

"Huyu ndiye aliyekupiga? Unafungua kesi au hufungui?"

Akifungua, binamu yangu analala mahabusu, Jumatatu inapita. Ilikuwa wazi kwangu na kwake. Binamu yangu alikuwa kitandani, mbavu zimefungwa, vidole vya kushoto vimevimba kama ndizi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima.

Fundi akaniita pembeni.

"Mzee kafa kweli?"

"Kabla ya mvua hizi. Aliniachia huyu amalize chuo, na mtihani wa mwisho ni Jumatatu."

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akiupiga ukuta wa zahanati kwa ngumi, mara nyingi, mpaka muuguzi akamfokea. Aliporudi aliongea na kitanda, hakuniangalia.

"Afande, kesi ninayo, ila kwanza nasema na mfiwa. Sikiliza, dogo. Jumatatu unaingia kwenye mtihani wako umevaa jezi yetu. Nitakuja mwenyewe kuhakikisha. Usipoivaa, nafungua."

"Bora jela," alisema binamu yangu.

Nilikishika kidole chake kilichovunjika, nikakibana. Alipiga kelele, muuguzi akaja mbio.

"Utavaa," nilimwambia.

Alivaa. Jumatatu asubuhi tulipanda ngazi za ukumbi wa mitihani watatu: yeye katikati, ndani ya jezi ya watani, anapumua kwa vipande, mie na bandeji kichwani, fundi na mdomo uliovimba, kaja na shati la Ijumaa. Wanafunzi wa upande wetu walikuwa wamejaa mlangoni.

"Msaliti!"

"Wamekununua kwa bei gani, we mbwa?"

Mmoja, kijana niliyekuwa nikikaa naye darasa la sheria ya ardhi, alimshika kola akamvuta na kumtemea mate shavuni. Binamu yangu alimtazama tu. Mkono wangu ulishainuka. Nilishachagua mahali, chini ya sikio, pale mtu anapodondoka bila kelele. Na nilijua nikimpiga, ugomvi utazuka mlangoni, msimamizi atafunga, na yote yataishia nje ya mlango ule.

Fundi alinidaka kifundo cha mkono. Alinishika vilevile nilivyoshikwa kitandani kwa mjomba, na nguvu zilikuwa zilezile za mtu wa kazi za mikono. Binamu yangu akajifuta mate kwa nembo ya watani, akaingia. Mlango ukafungwa. Fundi hakuniachia mpaka alipousikia ufunguo ukizunguka.

Tukakaa kwenye ngazi.

"Akifeli na jezi yetu mwilini," alisema, maneno yakipita kwa shida penye pengo, "namuua."

"Tutamuua sote," nilimjibu, tukaanza kusubiri.