Boga la Mbegu

Mama mkwe alipohamia kwa mwanawe alikuja na sanduku la nguo, jembe lake mwenyewe na sheria moja: boga lenye doa la mkaa kitakoni haliguswi. Mengine chemsheni, gaweni, yachezeeni mpira mkitaka. Lile ni la mbegu. Mbegu zenyewe zilitoka kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa wa kwake, na katika umri wake wote hajapata kupanda mbegu ya dukani. Kila msimu huchagua boga moja lililowashinda wenzake, huliacha likomae mpaka ukiligonga linakuitikia, hulitia doa la mkaa, kisha huliweka pamoja na mengine juu ya kichanja kilichoko uani, karibu na jiko la kuni. Mkwewe aliwahi kumwuliza kwa nini asiliweke ndani. Akajibiwa kwamba alama ni alama, na aliyejaliwa macho ataiona.

Mkwewe huyo alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwendo wake wa mtu aliyeacha maziwa motoni. Watoto walimwita Mwalimu Rangi, maana kwake hata hesabu haziishi bila mtu kuchafuka vidole. Rangi alikuwa akiikoroga mwenyewe nyumbani kwa uji mwepesi, rangi inayotoka kwa maji. Mama mkwe, akimsikia anakoroga, alimwambia mwanawe kwa sauti iliyokusudiwa kufika jikoni kwamba zamani mtoto alipelekwa shule akatakate, siku hizi anarudi kama fundi chokaa. Mbali na hayo waliishi kwa amani. Kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo, na nyumba nyingi zilizotulia zimetulia hivyohivyo.

Msimu ule mvua ilikuwa ya kudokoadokoa. Maboga yalizaa machache, na moja tu ndilo lililostahili kuachwa la mbegu. Mama mkwe alilitia doa lake, na kila asubuhi alipita kichanjani kulitazama kama anayepitia mgonjwa. Nyumba nzima ilijua: likipotea lile, mbegu ya mama yake imekatika.

Sasa Mwalimu Rangi alikuwa ameona picha katika jarida kuukuu ofisini kwa walimu. Boga la manjano, kubwa kuliko mtu, mwili mzima madoa meusi. Lilikuwa kazi ya mama mmoja msanii wa nchi ya mbali, mtu mzima kabisa, ambaye watu hupanga foleni kuyaona maboga yake. Mwalimu aliitazama picha ile mpaka chai yake ikaota utando. Madoa hayakutupwa ovyo. Kwenye tumbo la boga yalikuwa makubwa, kisha yakaenda yakipungua kadiri yalivyoingia kwenye mifereji, mpaka unaona kama boga linavuta pumzi. Akaamua darasa lake litapaka maboga ya kweli, na wazazi waje wayaone.

Alimwomba mama mkwe maboga siku mama huyo alipokuwa akifunga mzigo kwenda kumwona dada yake. Mama mkwe hakuinua uso. Alisema ayachukue ya kichanjani, mradi yarudi mazima, yaoshwe, yaliwe.

"Lile langu unalijua," alimalizia.

"Nalijua, mama."

Na kweli alilijua. Shida ni kwamba mtu wa rangi ana ugonjwa wake: hawezi kuvumilia uchafu kwenye kitu kinachongoja kupakwa. Rangi haishiki kwenye vumbi, wala kwenye masizi, na maboga yale yalikuwa yamekula masizi ya jiko mpaka vikonyoni. Aliporudi kutoka shule alijaza karai maji, akashika brashi, akayasugua yote juu na chini huku akili yake ikiwa kwenye ukubwa wa madoa. Maji yakawa meusi, akayamwaga. Maboga yalipokauka ndipo alipoanza kuyapindua moja moja kutafuta doa la mkaa. Hakuliona hata kwenye moja. Akatabasamu peke yake: kumbe mama naye ana wasiwasi wake, kaliingiza ndani kabla ya safari. Akayapakia yote kwenye baiskeli ya mumewe.

Darasani watoto waligawana boga kwa kikundi. Kwanza manjano, ikauke, halafu madoa. Kwa madoa makubwa walichovya gunzi la hindi, kwa ya wastani kizibo cha chupa, kwa madogo kitako cha penseli. Mwalimu aliwaambia kwamba kila doa likishakaa, liulizeni la pili litakaa wapi. Kikundi cha dirishani hakikuuliza doa lolote. Kilimaliza upesi, na boga lake likafanana na mtoto aliyeugua surua.

Kulikuwa na msichana mmoja waliyemwita Konokono, kwa sababu wenzake wakifunga madaftari yeye ndiyo kwanza anaandika tarehe. Kikundi chake kilimchoka kikamwachia boga lote. Alibaki nalo, anapaka kidogo, anarudi nyuma, anainamisha kichwa. Mwalimu alipopita aliona madoa yamepangika kuliko ya darasa zima, isipokuwa ubavuni, ambako palikuwa na mahali padogo penye upana wa dole gumba, hapana doa wala manjano.

"Hapa umesahau," mwalimu alisema.

"Sijasahau. Hapa lina kidonda."

Mwalimu alimwambia kwamba boga halina kidonda, na kwamba kazi yenye tundu ni kazi nusu. Mtoto hakubisha. Wala hakupaka. Kengele ikalia, na mwalimu akaondoka na kinyongo chake kidogo, kama mtu aliyekatiwa maneno.

Mama mkwe alirejea jioni ya kuamkia siku ya wazazi. Alikula, akasifu mboga kwa ubahili wake wa kawaida, akanawa, kisha akauliza lile boga lake limewekwa wapi, maana kichanja kiko kitupu.

"Si uliliingiza ndani, mama?"

Mama mkwe alimtazama. Mume akaacha kutafuna. Mwalimu akayaona yale maji meusi kwenye karai, sasa ndiyo akayaona vizuri, na mkono wake mwenyewe ukiyamwaga shimoni. Alieleza yote bila kujipunguzia. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa cha mkono, akasema kesho watakwenda wote shuleni. Afadhali angetukana.

Asubuhi maboga yalikuwa yamepangwa juu ya meza ndefu, watoto wamekaa. Mama mkwe alipita mezani. Aligonga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akanyanyua la pili, akalipima mikononi. Alilinusa la tatu, likamnukia uji. Akasema ni hili, akaenda hatua, akarudi akasema hapana, ni lile. Mwishowe akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza mwalimu aliona kwamba mama huyu amezeeka.

"Yamevaa sare," mama alisema. "Nikiiona ngozi yake nitalijua, lakini hivi silijui. Yaoshe, mwanangu."

Mwalimu alitazama meza. Wazazi wangefika mchana. Aliwatazama watoto, ambao walikuwa wameelewa neno moja tu, yaoshe, na kikundi cha dirishani, kile cha surua, kilikuwa tayari kimeanza kutokwa na machozi. Kuoshwa yote ili lipatikane moja. Lakini yeye ndiye aliyelipoteza hilo moja, na mbegu haingojei maonyesho. Alikunja mikono ya blauzi, akamtuma kiranja karai la maji.

Ndipo akakumbuka kidonda.

Karai lilipofika hakuligusa. Alikwenda kwenye meza ya Konokono, akachuchumaa, akamwuliza kidonda cha boga lake kilikuwa cha namna gani. Konokono alifikiri kwanza, kama kawaida yake, na darasa zima likangoja. Halafu akasema ni kovu, limejikunja kama mdomo uliofumba, na yeye hakupaka hapo kwa sababu rangi ingeliwasha.

Mama mkwe aliinuka kwenye kile kiti kidogo, upesi kuliko mtu wa umri wake anavyotakiwa kuinuka. Akalizungusha boga la Konokono taratibu mpaka ubavu ukamgeukia. Akaweka dole gumba pale mahali patupu.

"Nilikugusa kwa jembe ukiwa kama ngumi," aliliambia boga. "Nikadhani utakufa."

Mwalimu alisema mama, nisamehe. Mama mkwe akamjibu amsamehe nini, alifanya usafi tu. Kisha akamgeukia Konokono, akamwuliza jina la nyumbani, akaambiwa, akasema jina hilo halimfai, mtu mwenye macho kama yale aitwe Shahidi. Akafungua kitambaa chake cha mkono. Ndani alikuwa amebeba kipande cha mkaa. Akasaga kidogo kwenye kidole, akaomba ruhusa kwa macho, na pale kwenye kovu akaweka doa lake.

Watoto wakanong'ona kwamba bibi anachafua. Konokono alirudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Limekuwa kubwa kidogo," alisema. "Lakini si baya."

Wazazi walikuja, wakaona. Baba mmoja aliuliza kwa nini doa moja halina manjano chini yake, na mwalimu akamwambia hilo ndilo lililo kamili.

Boga lilikatwa uani, siku ambayo mama mkwe alisema limeiva vya kutosha. Konokono aliitwa alishike. Mama mkwe alipitisha kisu kwenye mfereji ili asikate doa hata moja, ikawachukua muda ambao ungetosha kukata kumi, na wote wawili walionekana kuridhika. Mbegu zilitoka nene, nyeupe, nyingi. Konokono akapewa za kwake ndani ya karatasi. Zilipopandwa zilichelewa kuota kuliko za mama mkwe, mpaka mwalimu akamtania mtoto kwamba zimemfuata mwenyewe. Lakini ziliota.

Na msimu uliofuata, boga jipya la mbegu lilipata doa la mkaa kitakoni kama kawaida. Halikuwekwa kichanjani. Mama mkwe alilisukumia chini ya kitanda chake, akafunga mlango, na mkwewe alipomwangalia, mama alisema alama ni alama, lakini mlango una kitasa.