Siku Mkasi Uliposhushwa

Ukitaka kumpata shemeji yangu, usiulize jina lake. Hata mimi niliyemuoa dada yake hunibidi nifikirie kidogo kabla ya kulikumbuka. Wewe uliza Mama Mkasi, utaonyeshwa.

Ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimejificha mwisho wa ujia mwembamba, nyuma ya duka la rangi, mahali ambapo hata jua huingia kwa kubisha hodi. Miaka ya mwanzo alitushonea sisi ndugu tu, na ndugu, mnatujua, hatuna haraka ya nguo mpya. Ndipo kaka yao seremala akamchongea mkasi wa mbao, mrefu kuliko mlango, akaupaka rangi nyekundu na kuutundika kule mbele kwenye kona ya barabara, umetokeza juu ya njia ya watembea kwa miguu kama unaotaka kukata mawingu. Watu wakaanza kuja. Wengine walikuja kucheka, lakini nao waliondoka wamepimwa.

Adui wa mkasi ule alikuwa mmoja: muuza mayai tuliyemwita Twiga. Ni mrefu, na juu ya urefu huo hubeba trei za mayai kichwani. Kila asubuhi akifika pale ilimlazimu apinde magoti.

"Mama Mkasi, ipo siku utanikaangia mayai yangu hapa hapa barabarani!"

"Pinda vizuri, baba. Wenzako mazoezi hayo wanayalipia."

Basi asubuhi moja hakupinda vizuri. Akaenda kushtaki kwa manispaa huku ute wa mayai yaliyopasuka unamchuruzika masikioni. Wale nao walikuwa tayari wanarekebisha kanuni za mabango ya biashara, wakaongeza pendekezo: kila bango lilale bapa ukutani, lisitokeze hata kidogo. Kabla halijapitishwa, wananchi waje ukumbini kutoa maoni.

"Ukutani wapi?" shemeji akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye manispaa. "Ukuta wangu uko ndani ya ujia. Atauona nani, paka?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mkasi usipoonekana barabarani, anarudi kutushonea sisi.

Asubuhi ya mkutano nikamkuta juu ya ngazi, spana mkononi.

"Shemeji! Si hawajaamua bado?"

"Naushusha mwenyewe. Sitaki mtu aje kuning'olea mkasi wangu kama jino bovu. Shika huku, punguza maneno."

Tukaushusha, tukaulaza ndani na kuufunika shuka. Kisha akavaa gauni lake zuri kuliko yote, akavuka barabara uso umemvimba.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, upande wa pili tu. Ndani tulikuwa mimi, shemeji, Twiga na karani wa manispaa. Tukangoja. Tukangoja tena. Karani akaenda kuchungulia dirishani, na kumbe kule chini watu walikuwa wanapanda na kushuka barabara kama siafu waliomwagiwa maji.

"Jamani, ukumbi uko huku!" akapaza sauti.

"Mkasi uko wapi?" wakamjibu. "Si tangazo lako linasema mkabala na mkasi mwekundu?"

Karani akakohoa, akawaonyesha ngazi kwa kidole, akarudi kukaa. Wakapanda mmoja mmoja mpaka ukumbi ukajaa.

Mwenyekiti aliingia wa mwisho, jasho linamtiririka. Alikuwa amepotelea mtaa wa nyuma, kwenye chumba ambamo kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, akakaa mbele kabisa akidhani ndiyo shamrashamra za ufunguzi.

"Nimepiga makofi mpaka viganja vinaniuma," akasema. "Nani kauondoa mkasi?"

Shemeji akainua mkono taratibu. "Mimi, mheshimiwa. Natii kanuni yenu."

"Haijapitishwa, mama!"

"Basi nimewahi foleni."

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Kisha Twiga akasimama, shingo zote zikamgeukia. Kila mtu alijua mayai yaliyopasuka chini ya mkasi yalikuwa ya nani.

"Mimi na mkasi hatuna ugomvi," akasema. "Ugomvi ni pale ulipokaa. Upandisheni juu, nami nipite na mzigo wangu. Hata mimi wateja wapya huwaelekeza kwa huo huo."

Ikaandikwa hivyo: bango litakalotokeza liruhusiwe, mradi limefungwa imara, na mtu mrefu mwenye mzigo kichwani apite chini yake bila kuinama.

Siku ya kuutundika upya, karani alikuja na Twiga badala ya futi ya kupimia. Mkasi ulikuwa umepanda hadi karibu na dirisha la juu. Twiga akaja na trei zake, akafika chini yake, na magoti yakapinda yenyewe.

"We Twiga, nyooka! Sheria inakuruhusu!" Mama Mkasi akamfokea kutoka kwenye ngazi.

"Miguu haijasomewa kanuni, mama."

Shemeji akacheka mpaka ikabidi nimshikie ngazi. Aliposhuka, aliitazama suruali ya Twiga, jinsi ilivyotuna magotini kwa kupinda kila siku.

"Weka mayai chini, uje ndani nikupime," akamwambia. "Hiyo nimeiharibu mimi."