Vidole vya Iringa, Mashine ya Mbeya

Kupiga taipu nilijifunza Iringa, kwa mtawa mmoja Mjerumani aliyekuwa na mashine moja na wasichana wengi. Kwa kuwa mashine haikututosha, alimchorea kila mmoja wetu vitufe vyote kwenye kadibodi, herufi kwa herufi, hata zile zenye nukta mbili kichwani ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Jioni tulikaa bwenini tukigonga kadibodi kama wehu. Kutazama vidole ilikuwa mwiko. Ukiangalia chini, anakufunika mikono kwa taulo.

Kwa hiyo nilipopata kazi Mbeya, kwenye ofisi ya mifugo, sikuangalia chini. Nilijiona bingwa. Mkubwa wetu, mtu wa Tanga, aliniweka kwenye majaribio: nikifaulu naajiriwa, nikishindwa narudi nyumbani kulima. Kulima nilikuwa nakujua vizuri, ndiyo maana sikutaka kurudi.

Makosa yalianza wiki ya kwanza. Nilikuta "myee" mahali pa mzee, "kayi" mahali pa kazi. Nikasema ni haraka zangu, nikafuta kwa raba, nikaendelea. Lakini yako yaliyonipita, maana kwa macho hayakuwa makosa. Siku moja mkubwa aliniita, ameshika barua inayomhusu mfugaji mmoja Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, upande wa Igawa.

"Binti, huyu bwana ana familia ngapi?"

"Moja, mzee."

"Mbona umeandika 'familia zake'? Na hapa 'nyumba zake', wakati kajenga moja tu? Nyie watu wa bara, ya na za zitawaua!"

Ofisi nzima ilicheka. Dada mmoja Mnyakyusa, mpiga taipu wa siku nyingi tuliyeshirikiana naye mashine, alicheka mpaka akashika meza. Niliumia sana. Nikaanza kuogopa kinywa changu. Kabla ya kusema "nguo zangu" nilizungusha maneno kwanza kichwani, na mara nyingi nikaona heri ninyamaze. Nikiagizwa kitu, naitikia kwa kichwa tu. Wakadhani nina maringo.

Lakini mimi jambo likinikereketa siliachi. Jioni nikimenya viazi nilijiuliza, huu ulimi wangu unakosea vipi? Kwetu, ukweli usemwe, kosa letu ni kuweka ya kila mahali: nyumba ya, nguo ya, hata watoto ya, na hakuna anayeona tabu. Sijapata kumsikia mtu wa Iringa anayezidisha za. Sasa mimi za hizi nilizitoa wapi?

Kesho yake nikaandika "Yeye ni mfugaji." Karatasi ikasema, "Zeze ni mfugaji." Nikaangua kicheko peke yangu, maana zeze nimelisikia likipigwa tangu utoto na halijawahi kufuga hata kuku. Kicheko kilipoisha, nikabaki na swali. Kwa nini ni herufi hizi mbili tu? Mbona sikosei m na n, ambazo zimekaa jirani?

Ndipo nikaikumbuka kadibodi yangu. Nilikuwa nimeitandika chini ya nguo kwenye sanduku. Asubuhi nikaipeleka ofisini, nikaiweka kando ya mashine, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Mbeya nikaangalia vitufe. Kwenye kadibodi, Z ilikuwa juu, jirani ya T, na Y chini kwenye kona ya kushoto. Kwenye mashine ya ofisi, iliyotoka Uingereza, zilikuwa zimebadilishana viti. Nyingine karibu zote zilikuwa palepale.

Nilimwita dada. Akainama, akatazama huku, akatazama kule. "Heh! Kumbe Wajerumani wana za yao na Waingereza wana za yao!"

Alisema hivyohivyo, za yao, na safari hii aliyecheka ni mimi. Mkubwa naye akaja, akavaa miwani, akauliza maswali mengi kuliko sisi. Nani alizipanga hivi? Kwa nini A haifuatwi na B? Tulisimama watatu juu ya kadibodi ile na kazi zikalala.

"Tumwite fundi azihamishe?" akauliza mwishowe.

"Hapana, mzee. Dada naye ataanza kukosea. Mashine ibaki, nitahamisha vidole."

Akasema sawa, ila majaribio yako palepale.

Kuhamisha vidole si mchezo. Kichwa kinakubali mara moja, kidole kinabisha. Niligonga paja langu kwenye foleni ya sukari, niligonga benchi kanisani, na bado myee alinirudia kila nilipochoka. Nilishaanza kuwaza nitawaambia nini nyumbani.

Majaribio yalipokwisha, mkubwa aliniambia niketi nimpigie barua. Akawa anasoma polepole, nami napiga bila kuangalia chini. Nilifika katikati ndipo nikaelewa inamhusu nani: binti huyu amethibitishwa katika kazi yake. Kwenye y ya "yake", kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilitaka kushuka. Nikakizuia, kikapanda cha kulia. Nikaitoa karatasi nikamkabidhi.

"Kazi yake," akasoma. "Moja. Basi ni yako."

"Asante sana, mzee," nikasema kwa lafudhi yangu yote ya Kihehe, nikaanza kumweleza habari za mtawa, za bwenini, za nyumbani, mpaka akaangalia saa. Wenzangu wanasema tangu siku hiyo sijanyamaza.