Kotoni ya Mwingereza, Muhogo wa Baba

Harufu ya pamba iliyopashwa moto hunirudisha kwanza kwa bibi yangu, si kwa vita. Sikio likiniuma, alichovya pamba kwenye mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, akaniziba, nami nikalala nikisikia dunia iko mbali. Pamba ile ilitoka kwenye kijiti kimoja nyuma ya jiko lake. Ilikuwako pamba nyingine, wenzangu, ya Mreno, ya kulimishwa.

Hiyo ndiyo niliyotaka kuisema. Wakati wa vita vya kumtoa Mreno, Wareno walikwisha kutukusanya ndani ya uzio wa waya, na shamba la baba huko nje lilikuwa la pamba tu. Mvua ilikaribia, nyumbani hamna chakula. Baba akanichukua kwa Maalim Swalehe, ambaye kapatazi, yule msimamizi wa pamba, alimsikiliza. Baba alitaka Maalim amwombee ruhusa apande muhogo nusu ya shamba.

Bahati mbaya tulimkuta na Mjomba Abdala, aliyewahi kufanya kazi kiwandani Lindi, anajigamba: "Pamba, Mwingereza huiita kotoni. Neno lake mwenyewe hilo!"

Maalim akacheka mpaka kofia ikasogea. "Lake wapi? Mwarabu asema kutni. Mreno kalichukua na al yake mbele, likawa algodau. Mwingereza kalipata kwa Mfaransa, limeshachakaa!"

"Maalim, ule muhogo..." baba akasema.

"Ngoja, Saidi. Na Mwarabu naye labda kalikuta kwa watu wa kale, Misri huko, enzi za Firauni."

"Kumbe Firauni alijua Kiingereza!" Mjomba akadakia, na kahawa ikaongezwa.

Mimi, niseme kweli, nilifurahi. Nilitaka neno lile lifike mpaka kwa Adamu. Ukubwani ndipo nilipoelewa, na mpaka leo inanikera: neno lilipata watu wawili wazima wa kulitafutia mababu, na sisi wenye njaa tulikosa hata mmoja wa kutusemea kwa kapatazi.

"Maalim," baba akasema tena, "wanangu wanakula ming'oko, mizizi ya porini."

"Nakusikia, nakusikia. Sasa hao wa Misri..."

Baba akaegemeza ukutani jembe alilokuja nalo, akanigusa kichwa, akatoka. Nilidhani anakwenda haja. Akapita lango la waya, akashika njia ya mto Ruvuma, mpakani, walikokimbilia waliomtoroka Mreno, bila kugeuka, na hakurudi tena.