Nilikwenda Kisarawe Kufuata Kitanda

Kabla hamjamaliza kutangaza mtaa mzima kwamba nimedisko, majirani zangu wa Tangini hapa Kibaha, naomba mnisikilize. Ni kweli mnaniona kila alfajiri nimesimama barabarani na begi mgongoni, wakati mwanachuo wa mwaka wa kwanza alitakiwa awe analala huko huko chuoni. Sijafukuzwa masomo. Nimefukuzwa kitanda, na aliyesababisha ni jogoo wa Kisarawe. Nitawasimulia safari yote, halafu mkitaka kucheka, chekeni.

Chuoni nilikwenda na tai mpya na maneno mengi ya kishujaa. Hakuna aliyeniambia kwamba vitanda vya hosteli havitoshi. Aliyekosa hubebwa, yaani hulala kitanda kimoja na mwenzake aliyepata, kimyakimya, mlezi wa hosteli asijue. Mimi nilibebwa na Selemani Kondo, mtoto wa Kisarawe, tuliyejuana kwenye foleni ya usajili. Tulilala mzungu wa nne, yeye upande wa nje, mimi ukutani, miguu yake puani kwangu. Mchana alinifundisha takwimu pale kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, maana darasani mhadhiri alikuwa anaongea na ubao, sisi wengine tulikuwa wapita njia.

Kila jioni baba yake, Mzee Kondo, alipiga simu. Simu ya Sele ilikuwa swaswadu, kile kisimu cha bei poa cha vitufe, iliyokufa spika ya sikioni, kwa hiyo ilibidi aweke sauti ya nje, na chumba kizima kikasikia. Mzee alikuwa anapiga kelele kana kwamba Kisarawe na chuo vinasikilizana bila mtambo. "Selee! Umekula? Umesoma? Na huyo mpangaji wako wa ukutani, kala?" Sele akimjibu kwamba nimekula, mzee anasema, "Basi laleni, msizurure!" Sikuwahi kumwona uso, lakini kuna siku nilikuwa sijala kitu tangu asubuhi, na kwa swali lile nikageukia ukuta.

Kisha Mzee Kondo akafariki ghafla. Sele aliitwa akiwa katikati ya kipindi, akaondoka na daftari mkononi. Ijumaa nilipokuja nyumbani kufua, ujumbe wake ukaingia: "Mwanangu, mi sirudi. Ba'mkubwa kasema nibaki na mama na mikorosho. Kitanda watakichukua, tafuta pa kulala." Mtihani ulikuwa karibu. Nikaona kwa mpigo mmoja nimepoteza kitanda, mwalimu na rafiki, na sitawadanganya, nilivipanga kwa mpangilio huo huo.

"Nakwenda Kisarawe," nikamwambia mama.

"Kuhani msiba au kudai kitanda?"

"Vyote, mama."

"Anza na kuhani," akasema, akanipigia pasi shati jeupe.

Jumamosi asubuhi nikawa Zegereni, kwenye viwanda. Baba Neema, jirani wa shangazi yangu kule Sofu, ni dereva wa fuso, na siku hiyo alikuwa anapakia mabati kiwandani kupeleka Maneromango. Kijiji cha kina Sele kiko njiani, akakubali kunichukua. Hatujafika hata Mlandizi akaanza kunihoji.

"Unasomea nini huko?"

"Takwimu."

"Ndiyo nini? Kuhesabu watu?"

"Kuhesabu kila kitu, baba."

"Vizuri. Tukishaacha lami utanihesabia mashimo."

Baada ya Mlandizi nilianza kuyahesabu kwa mzaha, nikaacha kwa maumivu ya kiuno. Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya Mzenga fuso likazama, matairi ya nyuma yakawa yanachimba tu. Baba Neema akaniangalia, mimi nikaangalia shati langu.

"Shuka, msomi."

Nikasukuma pamoja na wapita njia waliojitokeza. Lilipochomoka, likanirushia tope tangu kola hadi kiatu. Wenzangu walikuwa wameshakaa pembeni. Wao walijua tairi litatema upande gani, na hakuna aliyeona haja ya kunitonya.

Mchana tukafika. Siku hiyo walikuwa wanaanua matanga, watu wamejaa chini ya turubai. Nikavua viatu, nikavaa ile sura ya huzuni niliyoifanyia mazoezi garini, nikapita nikitoa mkono. "Poleni. Poleni sana." Sele alikuwa jamvini karibu na ba'mkubwa wake, Mzee Mwinshehe, mtu mkavu mwenye fimbo. Alinipa mkono kama mtu asiyenijua. Macho yake makavu kabisa.

"Hajalia huyo tangu tuzike," jirani yangu akaninong'oneza. "Wala haongei."

Nikaletewa ubwabwa. Nilikuwa nimetia tonge la kwanza tu, akatokea shangazi yake Sele, Bi Tatu, mwenye sauti ya kunadia mitumba.

"Wewe mwenye matope, mtoto wa nani?"

"Shikamoo, shangazi. Naitwa Maganga, nasoma na Selemani. Natokea Kibaha."

"Marahaba. Kibaha kuna Maganga tangu lini?"

"Baba yangu ni Mnyamwezi, wa Tabora."

Sinia likanyanyuliwa mbele yangu.

"Jamani njooni!" akapaza. "Mnyamwezi kakaa hapa anakula wali wetu, kanuna kama mfiwa! Tumezika bila mtani, leo kaja mtani mwenyewe anataka kulia na sisi!"

Turubai zima likageuka. Sasa, mimi nimezaliwa na kukulia Kibaha. Kwamba Wazaramo kama wao na Wanyamwezi kama sisi ni watani nilikuwa nasikia tu baba akitupiana maneno na muuza nazi. Nikafanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri angefanya.

"Samahani sana, shangazi."

"Anaomba samahani!" Bi Tatu akashika kichwa. "Mtani anaomba samahani! Huyo baba yako kakufundisha nini? Mwanangu, sisi leo hatuwezi kumcheka ndugu yetu, midomo mizito. Mtani ndiye anayetuchekesha tupate kula. Vaa hivi!"

Nikavikwa koti la marehemu na kofia yake, vyote vikanipwaya. Watu wananingoja. Nimewahi kutetemeka mbele ya darasa siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi, peke yangu, wenzangu wote wakiwa wameingia mitini, lakini siku ile nilikuwa na karatasi ya kujificha nyuma yake. Hapa sina kitu, na mtu ninayetakiwa kumwigiza sijawahi kumtia machoni.

Nilichokuwa nacho ni sauti yake. Nikaokota kandambili iliyokuwa karibu, nikaiweka sikioni, nikapiga ukelele kuelekea jamvini.

"Selee! Umekula?"

Watu wakatazamana. Nikasema yamenikuta, hapa nitachapwa.

"Umesoma? Na huyo mpangaji wako wa ukutani, kala?"

Mwanamke mmoja ndani ya nyumba akapiga kicheko. Kikafuata kingine, kikawa turubai zima. "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" wakawa wanapigana mabega. "Simu yake tulikuwa tunaisikia hadi kisimani!" Nikamtazama Sele. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kucheka. Kisha kicheko kikakatika, akainama juu ya magoti yake, akalia kwa sauti, na mimi ndani ya koti la baba yake nikasimama sijui niweke wapi mikono.

"Mwache alie," Bi Tatu akasema taratibu. "Kazi yako ndiyo hiyo." Halafu akarudisha sauti yake ya mnada. "Haya, mtani akifanya kazi huchukua kitu, wenyewe wakikitaka wakikomboe. Chukua!"

Macho ya watu yakaenda kwenye sufuria, kwenye baiskeli, kwenye mbuzi aliyefungwa uani. Nikapita vyote hivyo. Nikamshika Sele mkono, nikamwinua.

"Nachukua huyu. Namrudisha chuo."

Kicheko kikapungua. Mzee Mwinshehe akagonga fimbo chini.

"Acha mchezo, kijana. Huyu habebwi."

"Mimi ndiye ninayebebwa, mzee. Yeye ndiye mwenye kitanda."

Wengine wakacheka, yeye hakucheka. "Mikorosho ya marehemu ataipulizia nani? Leteni jogoo, apewe huyu aende zake."

Jogoo akaletwa, mkubwa, mwekundu, mwenye dharau. Nikasema sikubali. Ule haukuwa utani tena, na kila mtu aliyekuwepo alijua. Ila nilikuwa bado nimevaa koti, na mwenye koti hagombezwi.

Hapo pazia la mlango likatikisika. Mama yake Sele alikuwa ndani, yumo edani, haruhusiwi kutoka mbele za wanaume. Ikaja sauti tu.

"Shemeji Mwinshehe."

"Naam."

"Baba yake alikuwa akikata simu ile, ananiambia, 'Wamekula, wanasoma,' ndipo analala. Mimi nataka niendelee kulala. Mpe mtani jogoo wake. Na mtoto mpe."

Mzee Mwinshehe akamtazama Sele, akanitazama mimi na matope yangu.

"Likizo ya kupulizia mikorosho, mtakuja wote wawili," akasema. "Na wewe Mnyamwezi ndiye utakayebeba mashine mgongoni."

"Nimekubali, mzee."

"Kwani nimekuuliza?"

Jumapili tukaondoka kwa basi, Sele dirishani, mimi kati, jogoo mapajani akininyea. Niliomba tumwache kwa wenyewe, Sele akagoma. Alisema ujira wa mtani haurudishwi, ni mkosi. Tukamwingiza hosteli ndani ya begi la nguo, tukamfunga chini ya kitanda, tukapanga kumchinja kesho yake. Nililala fofofo kuliko siku zote za muhula ule, miguu ya Sele puani.

Jumatatu alfajiri jogoo akawika. Hakuwika mara moja akanyamaza kama jogoo mwenye akili. Aliwika mpaka mlezi wa hosteli akapanda na kandambili zake, akasukuma mlango, akakuta jogoo mmoja, kitanda kimoja na vichwa viwili.

Jogoo alisamehewa, kwa sababu alikwenda na mlezi. Mimi nilitolewa siku ile ile.

Ndiyo maana mnaniona barabarani alfajiri. Nilikwenda Kisarawe kufuata kitanda, nikarudi na mwenye kitanda, kitanda nikakikosa. Kama chuo kimenifundisha kitu hadi sasa, ni kwamba mtu wa kukuuliza kama umekula ni adimu kuliko kitanda, na akipotea nenda ukamfuate, hata kwa fuso.

Na wale mnaouliza kelele za simu kwetu kila jioni ni za nani, ni Sele huyo. Swaswadu ile anayo bado, na siku hizi mwenye kupiga ni yeye. Nikipokea naweka sauti ya nje kama yeye, na mtaa mzima unasikia, kwa sauti ya mzee mmoja wa Kisarawe ambaye sikuwahi kumwona:

"Mpangaji! Umefika? Umekula?"